Kamba ya Nyuzi Mbili

Mhogo wenye michirizi kahawia hautoi taarifa mapema. Shina limesimama, majani yapo, labda yale ya chini tu yana manjano yaliyotanda kandokando ya mishipa kama chai iliyomwagika kitambaani. Anayepita njiani atasema shamba limekubali. Unang'oa, unakung'uta udongo, mhogo ni mnene na ganda lake zima. Kisha kisu kinaingia na kukwama kidogo, kama kimegusa gome. Ukipasua unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu, yametapakaa ndani ya nyama nyeupe. Unakata mbele zaidi, unakuta mengine. Safari nyingine unaambulia robo ya mhogo ya kutia chunguni. Safari nyingine huambulii kitu. Waliolima ukanda wa Pwani, toka Mtwara na Lindi hadi Kilifi, wanamjua mtu anayekata mhogo namna hiyo: amenyamaza, anatafuta sehemu nyeupe.

Kinacholeta mabaka hayo ni kirusi cha RNA. Namna kinavyojinakili ndani ya mmea, na namna mmea unavyokigundua na kukikata, ni habari iliyochukua karibu karne nzima kueleweka. Sehemu zake zilitoka mbali: shamba la tumbaku la Virginia, maua ya California, maabara ya Norwich, na mlimani Amani, Tanga, ambako ugonjwa huu ulipewa jina. Ninaisimulia kwa kuanzia Amani kwa makusudi. Vitabu vingi vya fani hii huanza na maua, na msomaji wa Kiswahili hubaki akidhani kwamba mambo haya yote yalitokea kwa watu wengine.

Usambara ilishaingia katika maandishi ya magonjwa ya mhogo mwaka 1894, Mjerumani Otto Warburg alipoeleza mihogo iliyokunjamana majani, ugonjwa tunaouita batobato. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti Amani, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, kituo kikaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akahamia hapo Harold Haydon Storey, mtu aliyekwisha kufuatilia kwa miaka ugonjwa wa milia ya mahindi kule Afrika Kusini.

Storey alikuwa na mikono mitulivu. Ugonjwa wa milia huenezwa na kidudu kidogo kinachorukaruka na kufyonza utomvu wa majani, na aliona kwamba baadhi ya vidudu vya aina ileile havikuweza kuambukiza hata vikishiba utomvu wenye ugonjwa. Akachukua sindano nyembamba, akatoboa utumbo wa kidudu kisichoweza. Kikaweza. Ukuta wa utumbo ndio uliokuwa ukikizuia kirusi kupita. Hiyo ilikuwa 1933, kabla mtu yeyote hajakiona kirusi hicho kwa macho, na mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita chache tu.

Mwaka 1936 Storey aliandika taarifa ya ugonjwa wa mhogo uliokuwa tofauti na batobato. Majani hayakukunjamana. Dalili zilikuwa manjano kwenye mishipa ya majani makubwa, michirizi ya kahawia kwenye ngozi ya shina changa, na uozo mkavu ndani ya mhogo. Mwenzake, R. F. W. Nichols, alizunguka akiupima ulivyoenea, na mwaka 1950 akachapisha picha yake: ugonjwa wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Nyasa, haba sana ukipanda juu ya mita 1,000. Waliwashuku nzi weupe kwamba ndio wanaoueneza. Majaribio mengi yaliyofuata hayakuleta jibu, na uthibitisho ulikuja mwaka 2005 tu.

Dawa hawakuwa nayo, kwa hiyo walifanya kazi ya wakulima wa tangu zamani: kuchanganya mbegu. Walichukua ule mti wa mpira unaotoka Brazil, ndugu wa mhogo, ambao mashamba yake Wajerumani waliyapanda Tanganyika, wakaupandisha na mhogo. Mtoto aliyezaliwa alikuwa mgumu kwa magonjwa lakini mizizi yake ilikuwa kama kuni. Wakamrudisha kwa mhogo, na tena kwa mhogo, kizazi baada ya kizazi, wakiutafuta utamu bila kupoteza ugumu. Kazi hiyo ilipokelewa na D. L. Jennings, ikasimama mwaka 1957. Mche mmoja kati ya ile waliyoibakiza uliandikwa nambari 46106/27. Ukumbuke mche huo, tutakutana nao tena.

Wakati ule wa Storey hapakuwa na mtu aliyejua kirusi kimeundwa na nini. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alikuwa amesema ugonjwa wa tumbaku unatokana na kitu kinachopita hata kwenye chujio linalozuia bakteria. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakigeuza kitu hicho kuwa fuwele, kama chumvi, akatangaza kwamba ni protini tupu. Mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka wa taarifa ya Storey, Frederick Bawden na Norman Pirie wa Uingereza wakaonyesha kwamba Stanley amepitiwa: ndani ya fuwele zile mlikuwa na RNA, kidogo, asilimia chache tu. Na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kirusi chenyewe. Mwaka 1956, mjini Tübingen, Alfred Gierer na Gerhard Schramm waliivua ile protini kwa kemikali, wakapaka RNA peke yake kwenye jani la tumbaku, na jani likaugua. Koti limebaki kwenye chupa, maagizo yameingia kwenye jani, na jani limeyatii.

Tuyafuate maagizo hayo ndani ya seli moja ya mhogo. Nzi mweupe anatua chini ya jani, anachoma mdomo wake hadi kwenye mishipa ya chakula, na kirusi kinaingia. Kinavua koti. Kinachobaki ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi 9,000 hivi. Seli ina mashine zake za kusoma RNA na kutengeneza protini, ribosomu, na mashine hizo hazina desturi ya kuuliza uzi umetoka wapi. Zinausoma ule wa kirusi kama unavyosomwa wa nyumbani, mwanzo hadi mwisho, na kutoa protini moja ndefu mno ambayo hujikata yenyewe vipande kama kumi. Kimojawapo ni kimeng'enya cha kunakili RNA, kitu ambacho kirusi hakikuja nacho. Kimeifanya seli ikitengenezee.

Kimeng'enya hicho hakiwezi kutoa nakala ya uzi moja kwa moja. Fundi anayemimina shaba hutangulia kutengeneza kalibu, na kirusi nacho hutangulia kutengeneza kalibu yake: uzi wa kinyume, ambao kila herufi yake inashikamana na herufi ya uzi wa asili. Kutoka kwenye kalibu moja humiminwa nyuzi nyingi mpya. Hufanya kazi kwa haraka na bila kuhakiki, kiasi cha kosa moja kwa herufi 10,000 hivi, maana yake karibu kila nakala hutoka na kosa lake. Nyingi huharibika. Chache hupata hila mpya. Ndiyo maana virusi vya RNA hubadilika haraka namna ile tunayoijua kutoka kwenye mafua.

Lakini kuna wakati ambao kirusi hakiwezi kuukwepa. Uzi na kalibu yake vinapolala pamoja, vinasokotana kama kamba ya kumbi: nyuzi mbili, moja imezunguka nyingine. RNA ya seli yenyewe hutembea uzi mmojammoja. Kamba ndefu ya nyuzi mbili za RNA si jambo la kawaida katika seli yenye afya. Kirusi kinaweza kubadilisha herufi zake, koti lake na mdudu wa kukibeba. Kujinakili bila kusokota kamba hiyo, hapana. Kama kuna jambo moja ninalotaka msomaji abaki nalo katika habari hii, ni hilo: njia ileile inayokifanya kirusi kiongezeke ndiyo inayokisaliti.

Kwamba mmea unauona usaliti huo, mtu wa kwanza kuona dalili yake bila kujua anachokiona alikuwa S. A. Wingard wa Virginia, mwaka 1928. Aliambukiza tumbaku kirusi cha madoa ya pete. Majani ya chini yakajaa pete za uozo, kisha majani yaliyoota juu yakatoka masafi, kana kwamba mche umesahau ugonjwa. Akayapaka tena kirusi kilekile. Hayakuugua. Mmea hauna damu wala seli nyeupe za kuzunguka mwilini, na bado ulikuwa na kitu kinachofanana na kinga, tena kinachokumbuka. Picha yake ya mche ule mgonjwa chini na mzima juu bado inachapishwa hadi leo. Kwa zaidi ya miaka 60 hapakuwa na aliyeweza kuieleza.

Maelezo yalianza kuja kutokana na jaribio lililokwenda kombo. Mwaka 1990, huko Oakland, California, Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen walitaka ua la petunia lenye zambarau iliyokolea. Wakaongeza jeni ya ziada ya kutengeneza rangi. Baadhi ya miche ikatoa maua meupe, mengine yenye mabaka ya nyeupe na zambarau. Jeni mpya ilikuwa imenyamaza, na ilikuwa imeinyamazisha na ile ya asili. Mwaka huohuo kundi la Amsterdam likaripoti jambo kama hilo. Watu wengi walilichukulia kuwa kioja cha maua.

Waliolichukulia kwa uzito walikuwa watu wa virusi. Mwaka 1986 Roger Beachy na wenzake walikuwa wameipa tumbaku jeni ya koti la kirusi, na tumbaku ikawa ngumu kuugua. Kila mtu akadhani protini ya koti ndiyo inayoikinga. Kule Oregon, John Lindbo na William Dougherty wakajaribu kuweka jeni iliyoharibiwa makusudi, inayotoa RNA lakini haiwezi kutoa protini. Kinga ikabaki palepale. Kilichokuwa kikikinga, basi, kilikuwa RNA yenyewe. Mwaka 1993 wakaeleza miche iliyougua kwanza kisha ikatoa majani mapya safi, kama ya Wingard, na ndani ya majani hayo RNA ya jeni iliyoongezwa ilikuwa ikiandikwa kama kawaida na kukatwakatwa mara tu inapotoka kwenye kiini cha seli. Walisema wazi kwamba seli ina njia ya kuitambua RNA fulani kwa mfuatano wa herufi zake na kuiangamiza, iwe ya kirusi au ya nyumbani.

Mwaka 1997, Norwich, Uingereza, Frank Ratcliff, Bryan Harrison na David Baulcombe wakafunga fundo. Hawakuongeza jeni yoyote. Walichukua mimea ya kawaida iliyopona kirusi, kama alivyofanya Wingard, wakaipa kirusi cha aina nyingine kabisa ambacho ndani yake walikuwa wamechomeka kipande cha herufi za kile cha kwanza. Mmea ukakizuia. Ulikuwa unasoma herufi, haukujali zimebebwa na nani. Ua jeupe la petunia na jani safi la tumbaku vilikuwa kazi ya mkono mmoja.

Mwaka 1998 mambo yalifumuka kwa pamoja. Peter Waterhouse na wenzake, Canberra, walionyesha kwamba tumbaku inayotengeneza uzi na kinyume chake kwa pamoja inapata kinga dhidi ya kirusi kwa urahisi zaidi kuliko inayotengeneza mmoja. Andrew Fire na Craig Mello, Marekani, wakadunga RNA ya nyuzi mbili ndani ya mnyoo mdogo wa udongoni na kunyamazisha jeni kwa nguvu ambayo uzi mmoja haukuwa nayo. Kamba ndiyo ishara. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na Baulcombe wakatafuta ndani ya mimea vipande vya RNA vifupi kiasi kwamba katika majaribio ya kawaida hutiririka hadi chini ya jeli na kumwagwa. Walivikuta, vya herufi 25 hivi, vipo katika mimea inayonyamazisha na havipo katika isiyonyamazisha. Vilikuwa kumbukumbu ya Wingard, kwa umbo la kemikali.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 2006 ilikwenda kwa Fire na Mello. Waliistahili. Lakini sijawahi kuridhika na namna ilivyowaacha watu wa mimea, waliokuwa wameiona nyumba nzima kabla ya mlango kupewa jina. Baulcombe alipata tuzo ya Lasker mwaka 2008, pamoja na wengine wawili.

Kufikia hapo kazi yenyewe ilikuwa imeanza kuonekana vipande kwa vipande. Kamba ya nyuzi mbili ikitokea katika seli, kimeng'enya kiitwacho Daisa huishika na kuikata kwa kipimo, katika mimea herufi 21, 22 au 24. Kila kipande kinachukuliwa na protini nyingine, Agonoti, ambayo hutupa uzi mmoja na kuubakiza wa pili kama mwindaji anavyobaki na unyayo. Kila RNA inayopita ikilingana na unyayo huo hukatwa. Agonoti ilipewa jina kwa sababu mche mdogo wa maabara uliokosa jeni yake uliota majani membamba yaliyojikunja kama mikono ya kijipweza, naye yupo pweza wa baharini mwenye jina hilo. Mmea pia una kimeng'enya cha kusokota kamba mpya kutokana na mabaki, ili vipande viongezeke, na vipande hivyo husafiri kwenye mishipa ya chakula hadi kwenye majani ambayo kirusi hakijafika. Majani ya juu ya Wingard yalikuwa yametumiwa salamu.

Kama mmea una chombo kikali hivi, kwa nini bado mhogo unaoza? Kwa sababu virusi navyo viliishi na chombo hicho kwa muda mrefu. Mwaka 1998 huohuo makundi matatu yalionyesha kwamba virusi vya mimea hubeba protini za kuzima unyamazishaji. Mojawapo, ya jamii ya virusi vinavyodumaza nyanya, ilipigwa picha kwa mionzi mwaka 2003, na picha ile ni ya kustaajabisha: protini mbili zimeshikana na kuumba kitu kama mkono wenye kipimo, unaokamata kipande cha nyuzi mbili kwa ncha zake zote mbili. Kikiwa na urefu wa herufi 21 kinakaa sawasawa. Haijali kimeandikwa nini. Inapima urefu tu, kama mshonaji na shibiri, na kukificha kisifike kwa Agonoti.

Hila ninayoiona kubwa kuliko zote ilipatikana katika viazi vitamu vya Uganda. Ugonjwa wa viazi unaodumaza mche na kuuacha na vijani vilivyosinyaa uliripotiwa mashariki ya Kongo, Ituri, tangu mwaka 1939, na ilikuja kujulikana kwamba unahitaji virusi viwili: kimoja ambacho peke yake hakidhuru sana, na kingine cha kudumaza, kinachobebwa na nzi weupe. Mwaka 2005 na 2009, Jan Kreuze, Wilmer Cuellar, Jari Valkonen na wenzao walionyesha kwamba hiki cha pili kina kimeng'enya cha kukata RNA ya nyuzi mbili, ndugu wa Daisa mwenyewe. Kinaingia na kisu cha jamii ileile na kuvikata vile vipande vidogo vya mmea hadi visiweze tena kuwinda. Mmea ukishavuliwa silaha, kirusi kile cha kwanza, kilichokuwa mpole, huongezeka bila kizuizi. Watafiti waliweka jeni hiyo moja tu ndani ya kiazi, bila kirusi chenyewe, na kiazi kikapoteza kinga.

Turudi kwenye mhogo. Miaka ya 1940 michirizi kahawia ilikuwa imeonekana Uganda katika miche iliyoletwa kutoka Amani, ikang'olewa, na habari ikaisha. Mwaka 2004 ilionekana tena, Mukono, juu ya mita 1,000, mahali ambapo vitabu vyote vilisema haiwezi kukaa. Nzi weupe walikuwa wameongezeka mno. Magharibi mwa Kenya, Kanda ya Ziwa ya Tanzania, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo zikafuata moja baada ya nyingine. Kirusi kilikuwa kimeshatambuliwa ni cha jamii gani mwaka 2001. Sasa ikaonekana kwamba viko viwili, kile cha Pwani na ndugu yake aliyepewa jina la Uganda.

Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa, akiwa na wenzake wa Helsinki na Settumba Mukasa wa Uganda, alichapisha mfuatano mzima wa RNA ya kimojawapo: herufi 9,069, protini ndefu yenye viungo 2,902. Karibu ndugu zake wote wa ukoo huo hubeba protini mashuhuri ya kuzima unyamazishaji, mojawapo ya zile za 1998. Hiki hakina. Kazi hiyo hufanywa na nyingine, P1.

Namna walivyolithibitisha hilo ni jambo la kuonwa kwa macho. Kuna mmea mdogo wa Australia, ndugu wa tumbaku, uliopewa jeni ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini anayewasha. Gizani, chini ya taa ya urujuanimno, majani yake hung'aa kijani. Ukiyadunga nakala nyingine za jeni hiyo, mmea unaingia kuinyamazisha, na baada ya siku chache sehemu ile inageuka nyekundu iliyokolea, rangi ya klorofili isiyo na wa kuifunika. Ukidunga pamoja na P1 ya mhogo, doa linabaki kijani angavu katikati ya uwekundu. Kijani hicho ni mmea ulioshindwa kunyamazisha.

Kirusi hicho kilikuwa na ajabu nyingine. Kati ya jeni ya kunakili na jeni ya koti palikuwa pamepachikwa kimeng'enya ambacho seli za viumbe vya kila aina hukitumia kutupa herufi zilizoharibika kabla hazijaingia kwenye maandishi. Kirusi cha RNA, ambacho kwa desturi hakijali makosa, kilikuwa kimejipatia mfagizi. Mwaka 2019 watafiti wa Bristol walionyesha kwamba kimeng'enya hicho kweli hufanya kazi ya kufagia, na kwamba bila hicho kirusi huenea katika mimea ya maabara lakini uozo hautokei. Uhusiano wa ufagio na uozo bado unatafutwa, na kwa mtu aliyewahi kukata mhogo mbovu, hakuna swali la kitaalamu lililo karibu na jikoni kuliko hilo.

Ujuzi wa kamba ya nyuzi mbili ukageuzwa kuwa mbegu. Taasisi ya Danforth ya St. Louis, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa yuleyule Roger Beachy wa 1986, ilishirikiana na watafiti wa Uganda na Kenya kuupa mhogo jeni inayotengeneza kamba fupi iliyokunjwa, yenye herufi za koti la virusi vyote viwili. Hakuna protini ya kirusi inayotengenezwa. Daisa huikata, Agonoti huwa na unyayo mkononi siku nzi mweupe anapotua, na P1 inakuta kazi imekwisha kuanza. Majaribio ya shambani yalianza Namulonge, Uganda, mwaka 2010. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya ikaidhinisha mhogo wa aina hiyo, nambari 4046, uendelee na majaribio ya wazi.

Njia haikunyooka. Mhogo uliotumiwa, wenye asili ya Nigeria, ulikuwa na ugumu wake wa kuzaliwa dhidi ya batobato. Kuulea katika chupa, tishu baada ya tishu, kuliupotezea ugumu huo, jambo lililothibitishwa mwaka 2016. Ilibidi urudishwe kwenye kazi ya Nichols na Jennings: kupandishwa, kuchagua, kupandishwa tena. Sioni aibu katika hilo. Naona ni haki ya wale waliotumia miaka 20 wakirudisha utamu kwenye mti wa mpira.

Na ule mche nambari 46106/27 haukupotea. Kituo kilifunga kazi hiyo, daftari likakaa, lakini pingili zilikuwa zimeshatoka mkononi. Wakulima wa pwani ya Kenya waliuita Kaleso. Wa kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Waliupanda, wakapeana, wakaupeleka kwa wakwe na majirani kwa nusu karne, kila upande ukiamini ni mhogo wake, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha ni mche mmoja. Kirusi huingia ndani yake, lakini kwa kiasi kidogo, na mhogo wake hubaki mweupe zaidi. Leo ni mzazi katika programu za kuzalisha mbegu mpya za ukanda huu zinazopambana na michirizi kahawia.

Mwaka 2016 watafiti wa Chatham, Uingereza, waliripoti jambo ambalo Wingard angelitambua mara moja. Walikata mashina ya mihogo yenye ugonjwa na kupanda pingili zake. Baadhi zilichipua zikiwa safi, hazina kirusi, na zilizokatwa sehemu ya juu ya shina zilikuwa safi mara nyingi zaidi kuliko za chini. Katika Kaleso hali hiyo ilijitokeza kwa wingi kuliko katika mihogo dhaifu.

Majaribio yote haya, ya Kaleso na ya 4046, yanapimwa kwa namna moja. Mwaka ukitimia mche unang'olewa, kila mhogo unakatwa kwa upana, vipande kadhaa toka kichwani hadi mkiani, na mtu mwenye daftari anavitazama kimoja kimoja na kuandika alama kuanzia 1 hadi 5. Tano ni mhogo wa kutupa. Moja ni mweupe wote.